Digrii ya unesi kwenye chuo cha jamii, Houston: nyota nne, na ya tano najua ilikopotelea

Nyota nne kati ya tano. Naanza na maksi kwa sababu nawajua, mtasoma mstari wa kwanza halafu mtauliza bei.

Bei basi. Chuo chenyewe ni cha jamii (community college), cha umma, kipo kusini-magharibi mwa Houston, kule ambako ukiingia duka la nyama unasikia Kiswahili, Kisomali na Kiyoruba kwenye foleni moja. Jina silitaji, maana nina la kulalamika na aliyenikosea ni mtu mwema. Kuanzia somo la kwanza mpaka kofia ya mahafali, nimetoa mfukoni kama dola 11,000: ada, vitabu, sare, chanjo, kukaguliwa rekodi ya polisi, kipimo cha dawa za kulevya, kila kitu. Jirani yangu alikwenda chuo cha binafsi, kile chenye mabango barabarani, na anadaiwa zaidi ya 60,000. Leseni yake na yangu zimeandikwa herufi zile zile mbili, RN, yaani nesi aliyesajiliwa.

Lakini hiyo ni bei ya mkazi wa eneo la chuo. Texas vyuo hivi vinakula kodi ya nyumba za watu wa eneo lake, kwa hiyo wa ndani analipa kidogo, wa nje ya mpaka anaongezewa, na wa jimbo jingine au mwenye viza ya mwanafunzi ndiye anayeumia. Kabla hujahamia kwa binamu yako ng'ambo ya barabara kuu, uliza mpaka unapita wapi. Mwenye Green Card au aliyekuja kama mkimbizi ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilifika hadi dola 7,395 na hairudishwi. Mwenye F-1, hiyo viza ya mwanafunzi, hapati hata senti.

Sasa hiyo "miaka miwili" mnayoambiwa. Siku ya kwanza mwalimu alitusimulia kwamba digrii hii, wanayoiita ADN (Associate Degree in Nursing), ilitokana na tasnifu ya Mildred Montag aliyoiandika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1951, manesi walipokuwa haba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na majaribio yakaanza 1952. Shabaha ilikuwa kumtoa nesi kwa miaka miwili. Bi Montag angeiona ratiba yangu angeomba kiti akae. Mimi ilinichukua miaka minne na nusu.

Miwili inaanza kuhesabiwa ukishaingia kwenye programu yenyewe. Kabla ya hapo kuna anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, saikolojia ya makuzi, Kiingereza cha kuandika. Usiku nilikuwa CNA, msaidizi wa manesi, nyumba ya wazee, nageuza watu vitandani mpaka alfajiri, kwa hiyo nilichukua masomo mawili kila muhula. Mshauri wa chuo akaniandikisha aljebra ambayo programu haiitaki. Muhula mzima ukaenda na maji, na pesa juu. Kisha HESI, mtihani wa kuingilia programu, kisha maombi, na mara ya kwanza sikupata nafasi kwa sababu ya B moja ya fiziolojia. Nyota yangu ya tano imelala hapo. Ofisi ya ushauri ina watu watatu kwa foleni inayofika mlangoni, na kila mmoja ana jibu lake.

Ukishaingia, ni habari nyingine kabisa. Walimu nawapa nyota zote.

Mimi nimesoma Tanga. Ukiulizwa taja dalili tano za malaria, unataja tano, unapata tano. Hapa swali linakupa wagonjwa wanne, wote wagonjwa kweli, na linauliza utamwendea nani kwanza. Mmoja katoka kufanyiwa upasuaji, analia maumivu. Wa pili sukari yake ni 180. Wa tatu kavunjika mguu, amefungwa plasta, anasema vidole vinakufa ganzi. Wa nne dripu imekwisha. Nikamchagua anayelia, maana kwetu anayelia ndiye anayehudumiwa. Kosa. Mtihani wa kwanza nilipata 68, na alama ya kufaulu ni 77. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho mpaka kioo kikajaa ukungu.

Mwalimu mmoja Mfilipino, mama wa makamo mwenye viatu vya kelele, aliniita ofisini. Akafunika majibu kwa karatasi, akasema: "Usisome majibu. Niambie nani anakufa, au anapoteza nini, ukichelewa." Maumivu baada ya upasuaji yanatarajiwa. Ganzi chini ya plasta haitarajiwi: misuli inavimba ndani, damu haipiti, ukichelewa mguu unakwenda. Nikaanza kurudi kwake kila Jumatano na rundo langu la maswali. Kiingereza hakikuwa tatizo hata siku moja, ingawa mimi na nusu ya Waafrika darasani tulikuwa tunakisingizia.

Maabara ya mazoezi nayo. Kuweka katheta kwa mdoli, kila kitu kiwe safi bila kijidudu, mwalimu amesimama na karatasi. Nilivaa glavu vizuri, nikapanga vifaa vizuri, nikainama, na ncha ya mtandio ikatua katikati ya kitambaa safi. Mimi sikuiona, yeye aliiona. "Anza upya, wiki ijayo." Wiki ijayo nilikuja na pini nne. Binti zangu wa Kiislamu, nunueni pini kabla ya stethoskopu.

Mazoezi ya hospitali ni siku za saa 12, unatakiwa wodini kabla ya saa moja asubuhi. Siku moja nilipangiwa mzee Mkongo. Nikafurahi, nikadhani nitamtafsiria. Hairuhusiwi: mwanafunzi si mkalimani, anapigiwa mkalimani kwa simu. Simu ikaja na Kiswahili cha taarifa ya habari, "je, unahisi maumivu ya namna gani", mzee akanigeukia: "Mama, ule anasema nini?" Nesi mwenye zamu akacheka, ila simu haikukatwa, nami nikabaki kushika glasi ya maji.

Baada ya mahafali ni NCLEX, mtihani wa leseni unaofanywa kwa kompyuta, dola 200, kwenye kituo cha mitihani cha Pearson VUE, ambako hata mishipa ya kiganja inapigwa picha kabla hujaketi. Maswali kati ya 85 na 150, muda saa tano, na mashine inazima yenyewe ikisharidhika nawe, kwa heri au kwa shari. Yangu ilizima swali la 112. Nilishuka ngazi nikiwa na uhakika nimeanguka. Nilifaulu, na maswali ya "nani kwanza" yalikuwa mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Hospitali kubwa nyingi sasa zinataka BSN, shahada kamili ya unesi. Yangu ilinichukua na ADN kwa sharti nisaini kwamba nitaimaliza, kwa hiyo bado nasoma, kwa mtandao, baada ya zamu. Mama yangu Tanga anawaambia majirani mimi ni daktari. Nimeacha kumsahihisha.

Wewe mwenye diploma ya unesi ya nyumbani, simama kwanza. Peleka vyeti vyako vikatathminiwe na CGFNS, shirika la Marekani linalokagua vyeti vya manesi wa nje (tangu 2025 linaitwa TruMerit), kabla hujalipa ada ya somo lolote, maana kuna njia ya kufanya NCLEX bila kuanza darasa la kwanza. Tulikuwa na kaka mmoja Mkenya, diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya, miaka sita ya wodi ya watoto. Alikaa nasi programu nzima, akatufundisha wengine kutafuta mshipa, na habari ya CGFNS aliisikia kwa mtu wa kantini, muhula wa mwisho.