Wakala wa viza za familia jijini Mbeya: hodari wa makaratasi, goigoi wa ushauri

Mtu mwenye ndoa na watoto anayepata nafasi ya kusoma nje ya nchi hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kwanza, kama sheria ya nchi anayokwenda inamruhusu kuichukua familia yake, pili, kama makaratasi ya familia hiyo yatapita mbele ya ofisa wa viza. Ofisi ya uwakala niliyoitumia hapa Mbeya, ambayo siitaji jina kwa kuwa sehemu ya nitakayoyaeleza si ya kuipendeza, hulijibu swali la pili vizuri kuliko nilivyotarajia, na la kwanza hulijibu ovyo. Mimi nilikuwa nakwenda Uingereza kwa shahada ya uzamivu, nina mume na watoto wawili, na tathmini hii inahusu huduma tuliyopewa kama familia, wala si huduma ya kutafutiwa chuo, ambayo sikuihitaji.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, upande wa Kabwe, ni safi na ina viti vya kutosha. Ukutani pana bango kubwa la baba, mama na mtoto wakiburuta masanduku uwanja wa ndege, na maneno yaliyo chini yake yanaahidi kwamba anayekwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ataondoka na familia yake. Jambo hilo lilikoma tarehe 1 Januari 2024. Tangu hapo wanaoruhusiwa kuchukua wategemezi, yaani mke au mume na watoto, ni wanafunzi wa uzamivu na shahada nyingine za juu za utafiti, pamoja na wale wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Nilipouliza habari za bango nikaambiwa linabadilishwa; niliporudi kufuata nyaraka, lilikuwa palepale. Hilo si suala la mapambo ya ukuta. Asubuhi moja nilikaa karibu na mwalimu wa sekondari kutoka Rungwe aliyekuwa anaulizia gharama ya kwenda na mkewe kwa kozi ya uzamili ya mwaka mmoja, naye alitajiwa bei kabla ya kuambiwa kwamba haiwezekani. Ukweli aliupata kwa mtumishi mwingine aliyekuwa anapita na kuyasikia mazungumzo.

Makaratasi ndiyo sababu ya kuwalipa watu hawa. Mama wa makamo aliyeshughulikia faili letu alitandaza mezani vyeti vyote vya familia, akaweka kila pasipoti kando ya cheti chake, kisha akasoma majina herufi kwa herufi huku kidole kikifuata mstari. Mtoto wetu wa pili ni Ambakisye kwenye pasipoti, lakini cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Ambakisie.

“Mama, hapa kuna watoto wawili,” alisema.

Nilimjibu kwamba ni mmoja.

“Kwako wewe ni mmoja. Kwa ofisa wa viza aliyekaa na mafaili yake, hawa ni wawili, na mmoja wao hana mzazi.”

Akagundua pia kwamba cheti cha ndoa kinamtaja mume wangu kwa majina mawili ilhali pasipoti inamtaja kwa matatu, akatuelekeza kwa wakili kula kiapo cha majina, na cheti cha mtoto kikarudishwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kusahihishwa kabla fomu yoyote haijajazwa. Familia nyingi za Mbeya zina vyeti vilivyojazwa kwa mkono, kwa kuwa mpango wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulianzia mkoani kwetu mwaka 2013, na mpango huo umewasaidia wengi waliokuwa na tangazo la hospitali tu. Lakini mwandiko wa haraka wa ofisi ya kata huweza kuzaa herufi inayokutesa miaka mingi baadaye. Anayejiandaa aanze hapo, tena kabla ya kulipia pasipoti za watoto, kwa maana kila moja ni shilingi 150,000 na haijali kwamba mwenyewe bado ananyonya.

Kasoro moja ya mapokezi siwezi kuiruka. Siku ya kwanza kijana aliyetukaribisha alimgeukia mume wangu na kumuuliza, “Baba, chuo chako kinaanza lini?” Alijibiwa kwamba anayesoma ni mama, akacheka na kuomba radhi, na bado fomu ya awali ilitoka ikimwonyesha mume kuwa ndiye mwombaji na mimi mtegemezi wake. Katika mji wenye wahadhiri wanawake wa kutosha, ofisi inayojiita ya kitaalamu ingepaswa kuuliza kwanza.

Kwa upande wa fedha, makadirio waliyotupa kwa maandishi yalikuwa na ada ya viza, ambayo kwa kila mtu inapita pauni 500, na ada yao wenyewe. Hayakuwa na ada ya afya ambayo Uingereza humtoza kila mwanafunzi na kila mtegemezi, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Masomo ya miaka 3 huja na viza inayozidi kidogo muda huo, nayo hutozwa kama miaka 3 na nusu. Hivyo mtu mmoja ni pauni 2,716, na familia ya watu wanne wanaoomba pamoja ni pauni 10,864. Kuacha kiasi hicho nje ya makadirio ni sawa na kumuuzia mtu gari bila kumwambia kwamba halina injini. Fedha ya kuonyesha benki waliieleza sawasawa: nje ya London ni pauni 680 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, hadi miezi 9, yaani pauni 6,120 kwa kichwa, nayo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Ada ya afya hurudishwa viza ikikataliwa, ilhali ya viza hairudi; hili nalo tulilipata kwingine.

Walitushinikiza pia tuombe wote kwa pamoja, kwa hoja kwamba wanaobaki nyuma hukwama. Sheria inamruhusu mtegemezi kuomba pamoja na mwanafunzi au kumfuata baadaye, na kwetu kufuata kulikuwa na maana zaidi, kwa sababu mwaka wa shule hapa unakwisha Desemba, nyumba za familia vyuoni ni chache, na nafasi ya mtoto katika shule ya serikali kule, ambayo hailipiwi karo, huombwa kwa halmashauri ya eneo mkiwa tayari mna anwani. Nilitangulia. Ofisi ikatudai nyongeza ya shilingi 150,000 kwa kile ilichokiita kufungua faili upya, ingawa nyaraka zilikuwa zilezile.

Hata hivyo safari ya Dar es Salaam waliipanga kwa akili. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mume wangu alikuwa peke yake na watoto; wakampangia kipimo cha kifua kikuu Jumatatu na miadi ya alama za vidole Alhamisi, wakamkumbusha kwamba cheti cha kipimo hutumika kwa miezi 6, na kwamba mtoto asiyefikisha miaka 5 hupigwa picha tu bila kuchukuliwa alama za vidole. Viza zilitoka bila swali hata moja juu ya majina.

Kwa Ujerumani, ambako watafiti wa hapa wana njia ya siku nyingi kwa sababu ya ushirikiano wa kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na chuo kikuu cha LMU cha Munich, sikuona mtumishi anayejua mengi. Mke au mume anayemfuata mwanafunzi huko kwa kawaida hutakiwa kuwa na Kijerumani cha ngazi ya A1, na mtihani wake unafanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Uingereza haimtaki mtegemezi wa mwanafunzi afanye mtihani wa lugha. Anayekwenda Ujerumani atafute msaada kwingine.

Ada yao ni shilingi 400,000 kwa mwombaji mkuu na 250,000 kwa kila mtegemezi. Kwa familia ambayo vyeti vyake vina utata, ningelipa tena. Kwa mtu asiye na watoto, ambaye majina yake yanafanana kila mahali, fomu iko mtandaoni na anaweza kuijaza mwenyewe. Atakayewatumia asome kanuni za viza kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kupanda ngazi, adai makadirio yenye ada ya afya ndani yake, akubaliane nao mapema kwa maandishi kuhusu wanaofuata baadaye, na asiondoke bila risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa sababu ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya mkono na nikalazimika kuidai.