Visiwa vya kwenda siku tatu msimu wa mvua: nimevipanga kuanzia cha kwanza mpaka cha kuacha

Kila ikifika mwisho wa mwezi wa tatu bei za hoteli za visiwani zinaanza kushuka, watu wanaona picha wanapata mzuka, wanalipia chumba fasta, afu siku ya safari ndo wanaanza kuuliza boti inatoka saa ngapi. Mi naomba ufanye kinyume chake. Msimu wa mvua kitu cha kwanza kununua ni njia ya kurudi nyumbani, chumba utapata tu, vyumba viko tele, ila bahari ikichafuka huna hela ya kukutoa kisiwani siku hiyo hata uwe nani.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilienda Mafia mwezi wa nne kwa boti kupitia bandari ya Nyamisati, nimepanga siku tatu tu, ruhusa ya kazini inaisha Jumapili. Jumapili boti haikutoka kwa sababu ya upepo, Jumatatu haikutoka, nikafika Dar Jumanne usiku nikiwa nimelipia siku mbili ambazo hazikuwa kwenye bajeti na kazini hawataki kusikia habari za mawimbi. Nahodha simlaumu hata kidogo, alifanya sawa, watu wanakufa baharini kwa kulazimisha. Kosa ni kwamba nilinunua safari kwa kuangalia bei ya kitanda.

Kwa hiyo hapa nimevipanga visiwa kwa kuangalia kwanza unavukaje na maji yale yako wazi kiasi gani, pili mvua ikinyesha siku nzima utafanya nini, hela ndo inakuja ya tatu. Naandika kama mtu wa Dar, wa Mombasa na Tanga mtageuza geuza wenyewe.

Kabla ya kisiwa, chagua tarehe. Masika ni Machi mpaka Mei na Aprili ndo mwezi wa kuogopa, mvua zinakuja za siku nzima, hoteli nyingi ndogo zinafunga kabisa kwa matengenezo na wafanyakazi wanaenda likizo. Kuanzia katikati ya Mei mvua inapungua lakini upepo wa kusi unakuwa umeshaingia, na Juni mpaka Agosti kusi inavuma kweli kweli. Ukiniuliza mimi, wiki mbili za mwisho za Mei na wiki mbili za mwanzo za Juni ndo pazuri, bei bado ziko chini, ardhi bado kijani, mvua ni za kupita. Novemba pia ni pazuri, vuli inanyesha kidogo kidogo halafu bahari inatulia kati ya kusi na kaskazi, kipindi wanachoita tangambili. Angalia tu kalenda ya sikukuu, mfano 2026 Idd ya kuchinja inaangukia mwishoni mwa Mei, wiki hiyo usitegemee diskaunti wala siti kwenye boti, kila mtu anarudi kwao.

1. Kilwa Kisiwani

Hii watu wanaisahau na inanishangaza. Unalala Kilwa Masoko bara, unavuka asubuhi, unarudi jioni. Mkono wa bahari ni mfupi, mwendo wa dakika chache kwa boti, unaiona ng'ambo kabisa umesimama gatini. Hata siku ikianza vibaya unaweza kusubiri mpaka mchana na bado ukaenda. Kwa mtu mwenye siku tatu hiyo peke yake inaifanya iwe ya kwanza.

Halafu ni sehemu ambayo mvua haiharibu kitu ulichoendea. Hukwenda kuota jua, umeenda kuona msikiti mkuu wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, sehemu ya zamani ni ya karne ya 11 au ya 12 hivi na upanuzi wake ni wa karne ya 14, umeenda kuona Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe nane juu ya mwamba unaangalia bahari. Ibn Battuta alipita hapa 1331. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara. Msimu wa mvua majani yanapanda mpaka kwenye kuta, watalii hakuna, ukisimama ndani ya ule msikiti na manyunyu yanadondoka nje unasikia kila kitu. Mimi niliona wazi pale kwamba mababu zetu walikuwa watu wa mjini.

Kibali unachukua Masoko kabla ya kuvuka na mwongoza wageni ni lazima, mlipe vizuri, anajua kila jiwe. Uliza maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, kwa sababu njia ya kwenda Husuni kwa ufukweni inategemea hilo. Songo Mnara uiache kama kusi imeshika, ni mbali zaidi na mwisho unashuka kupita kwenye maji na matope ya mikoko.

Tatizo lake ni barabara. Kutoka Dar ni kama kilomita 300, lami, mabasi yanaanzia Mbagala, siku nzuri masaa matano sita. Lakini Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga watu wakakaa njiani. Ndo maana nasema mwisho wa Mei kwenda mbele, usiende Aprili.

2. Mafia, lakini kwa ndege

Ndege kutoka Dar ni nusu saa tu, unatua Kilindoni. Ni ghali kuliko boti ndio, ila fanya hesabu yote: boti mpaka ufike Nyamisati kwanza, halafu safari inafuata maji kujaa na kupwa, halafu masaa kadhaa kwenye maji ya wazi. Kwenye siku tatu umekula siku moja na nusu njiani, na ukikwama kama mimi umelipa zaidi ya nauli ya ndege.

Usidanganywe kwenye kitu kimoja: papa potwe wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Februari, Machi hivi. Mtu akikuuzia "safari ya potwe" mwezi wa tano anakuuzia bahari tupu. Unachopata msimu huu ni kitu kingine, na ni kizuri. Ghuba ya Chole imekingwa, kwa hiyo ndani unaweza kuzamia au kuogelea na miwani hata kusi ikivuma nje. Unavuka kutoka Utende, kijiji cha pale ghubani, kwenda kisiwa cha Chole dakika chache, hakuna gari, kuna magofu ya Wajerumani yaliyomezwa na mizizi na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe. Kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua na kuna fukwe ambazo kasa wanataga, na katikati ya mwaka mayai yanaanguliwa. Kumuona kasa mdogo anakimbilia maji, yaani hapo hela yote umeirudisha.

Kwenye hela angalia hivi: Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari, ile ya mwaka 1995, kwa hiyo kuna tozo kwa siku juu ya bei ya chumba, na wanaouza chumba mara nyingi hawaitaji. Kilindoni iko nje ya hifadhi, gesti ni za bei ya kawaida, pweza wa nazi yupo, ila ufukwe wa kukaa siyo ule. Kama bajeti ni ngumu lala Kilindoni siku ya kwanza na Utende siku moja.

3. Lamu

Kwa mtu wa Mombasa, Malindi au Nairobi hii ingekuwa namba moja bila mjadala, kwa mtu wa Dar inashuka kwa sababu ya umbali na nauli. Uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa cha jirani, unavuka mkono wa bahari uliotulia unaingia mjini. Kwa basi unafika Mokowe halafu boti, ila mto Tana ukifurika ile barabara ya Garsen inaweza kukatika, kwa hiyo piga simu kwanza.

Uzuri wa Lamu mvua haiufungi mji. Mji mkongwe unaishi, punda wanapita, barazani watu wamekaa, mkate wa mofa unatoka moto. Na kitu cha kununua pale siyo chumba, ni nyumba nzima kijiji cha Shela au mjini, na mpishi wake, mkiwa watu wanne au sita. Mei na Juni wenye nyumba wanapunguza bei kweli, ongea kwa heshima, salimia vizuri, usianze na bei.

4. Pemba

Naipenda Pemba, msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi, harufu ya karafuu zikianikwa barabarani kuanzia Julai hivi. Ila siyo kisiwa kidogo, unahitaji gari, na mkondo kati yake na Unguja ni mrefu na una kina, kusi ikivuma boti inarusha watu wanatapika kuanzia nanga mpaka nanga. Nenda kwa ndege mpaka Chake Chake na uwe na siku tano. Kwa siku tatu utarudi umechoka.

5. Mbudya

Hii ni ya asiye na ruhusa ya kazini. Unavuka kutoka Kunduchi asubuhi, samaki na chipsi, unarudi. Siku ya wiki msimu wa mvua unaweza kuwa peke yako ufukweni. Mvua ikija hakuna pa kujificha zaidi ya bandani, kwa hiyo angalia anga asubuhi hiyo hiyo usilipie jana yake.

Cha kuacha kwa msimu huu ni Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, si kwa ubaya, matumbawe yake ni ya ajabu, ila masika huwa wanafunga. Na Mafia kwa boti mwezi wa nne, hiyo nimeshasema.

Sasa kabla hujatuma dipoziti popote, waandikie WhatsApp ili jibu libaki: Je mko wazi tarehe hizi au mtakuwa kwenye matengenezo? Nikiwa mgeni peke yangu jiko litawaka? Jenereta inawashwa saa ngapi? Usafiri kutoka uwanjani umo kwenye bei? Na kubwa kuliko yote, boti au ndege isipotoka hela yangu inarudi, inasogezwa tarehe, au imekufa? Asiyejibu hilo la mwisho achana naye hata kama chumba kinaangalia bahari. Siku mbili kabla angalia utabiri wa bahari wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema upepo mkali na mawimbi ya mita mbili sogeza tarehe. Beba dawa ya mbu, baada ya mvua mbu ni wengi, na hela taslimu ya kutosha siku moja zaidi ya ulizopanga.

Na rudi Jumamosi, siyo Jumapili. Mimi nimeshachukua siti ya Kilwa wikiendi ya kwanza ya Juni, naondoka Alhamisi alfajiri, Ijumaa nzima kisiwani, Jumamosi mchana niko kwenye basi na bado nina Jumapili mfukoni kama daraja lolote litaleta shida.