Sauti ya video yako iko chini? Nunua kwa mpangilio huu

Kwenye sendofu moja pale Igoma, Mwanza, umeme ulikatika katikati ya nasaha. Bibi wa binti hakusubiri jenereta. Alisimama palepale alipoketi, akamwombea mjukuu wake kwa Kisukuma, ukumbi mzima kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya sita, nategemea maiki ya ndani ya kamera. Nilipofungua faili usiku ule, mchoro wa sauti ulikuwa mwembamba kama uzi wa wavu. Nikaipandisha desibeli 24. Bibi akasikika, ila vikapanda naye kiti kilichoburutwa, mtoto aliyekohoa, na jenereta iliyokuja kuwashwa nje. Kuna maneno yake hayajulikani mpaka leo, na ndiyo familia iliyoyaulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Ndiyo maana ushauri wangu wa manunuzi unaanza na ukaribu. Programu ikipandisha sauti, inapandisha kila kilichoingia. Maiki ikisogea karibu na msemaji, unapanda mdomo wa msemaji tu. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yake hupanda kama desibeli 6. Kutoka mita 2 hadi sentimita 25 umepunguza nusu mara tatu, yaani desibeli 18, na jenereta imebaki kulekule nje.

Ya kwanza: maiki ya kubana yenye waya

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, hata kwa mwenye fedha. Ni ndogo, inabanwa kwenye ukosi au mtandio, na ni ya bei nafuu kuliko zote nitakazozitaja. Wengi wetu tulianza na Boya BY-M1, ambayo waya wake una urefu wa mita 6. Bana shubiri moja chini ya kidevu. Mkufu usiiguse, na waya upite ndani ya nguo, maana kila mkwaruzo wa kitenge unaingia.

Kabla ya kulipa, angalia pini. Yenye pete tatu nyeusi ni ya simu; yenye pete mbili ni ya kamera. Ukichomeka isiyo yake unaweza kupata sauti hafifu sana, au usipate kabisa, ukadhani maiki ni mbovu. Maiki nyingi zenye kiboksi cha betri zina swichi ya kuchagua simu au kamera. Nimewahi kurekodi mahojiano mazima swichi ikiwa upande wa simu huku nimechomeka kwenye kamera, nikapata mnong'ono. Na kama simu yako haina tundu la pini, nunua na kigeuzi cha USB-C siku hiyohiyo, ukijaribie dukani kwa simu yako mwenyewe. Vigeuzi vingine vinapitisha muziki lakini havipokei maiki.

Ya pili: kinasa sauti kidogo

Kwa sisi wa harusi, hiki kiko juu ya maiki zisizo na waya, najua wengi watanibishia. Zoom H1essential inatumia betri mbili za AAA na inarekodi kwa mfumo uitwao 32-bit float. Faida yake ni kwamba huhitaji kubahatisha kiwango cha sauti kabla ya kurekodi. Sauti iliyoingia chini unaipandisha baadaye, na iliyopita kiasi unaishusha bila kupasuka, mradi maiki yenyewe haikuzidiwa. Kelele za ukumbini zitabaki, hilo hakuna kifaa cha kulifuta.

Kina tundu la maiki. Kwa hiyo chomeka ile maiki ya kubana, tia kinasa kwenye mfuko wa koti la baba mzazi, na hapo hakuna mawimbi ya kukatika. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili baadaye uoanishe sauti na picha. Mshereheshaji akizungumza kwa spika, kiweke mita moja au mbili mbele ya spika, pembeni, mbali na miguu ya wacheza kwaito.

Ya tatu: hedifoni za waya zinazofunika sikio

Chomeka kwenye kamera wakati wa kurekodi. Ningekuwa nazo Igoma, ningesogea.

Ya nne: maiki zisizo na waya

Hizi zinang'aa kwenye mahojiano ya kutembea. Ukimfuata mama muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kati ya magunia na mikokoteni, waya utakuangusha. Kama unaweza, chukua inayorekodi pia ndani ya kile kipande anachovaa msemaji, kama Rode Wireless GO II au DJI Mic 2. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mwili wa mtu huyazuia: msemaji akigeuka, au umati ukipita kati yenu, sauti inakatika. Zile za bei ya chini zenye kitufe cha kufuta kelele, jaribu ukiwa umekizima kwanza. Kitufe hicho mara nyingi hula herufi za mwisho za maneno.

Ufukweni usitoke bila kofia ya manyoya ya maiki. Upepo wa ziwani mchana ukigonga maiki tupu unatoa mngurumo unaomfunika msemaji, na kumpandisha ni kuupandisha na upepo.

Ya tano: maiki ya juu ya kamera

Ni nzuri ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji. Ukiwa meza ya sita, bado uko meza ya sita.

Ya mwisho: programu ya kulipia

Kwa kazi hii usinunue sasa. Audacity ni ya bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha. Faili lako la zamani litengeneze hivi: kwenye Audacity chagua sekunde chache zenye mvumo bila maneno, iache programu iutambue, kisha upunguze kidogo tu, ukikaza sana, mtu ataongea kama yuko ndani ya mtungi. Halafu tumia kompresa, ili maneno ya chini yakaribie ya juu. Ndipo upandishe yote, na uweke kizuizi (limiter) kwenye desibeli -1 sauti isipasuke. Usiitegemee YouTube ikusaidie: inashusha video zenye sauti kubwa kupita kiasi, lakini iliyo ndogo kwa kawaida inaiacha ilivyo.

Siku ya kununua, nenda na kamera au simu utakayotumia. Toka mlangoni mwa duka, rekodi sentensi tatu bodaboda zikipita, maiki ikiwa imebanwa shatini. Rudi ndani, vaa hedifoni, sikiliza, kisha tikisa pini ukiendelea kusikiliza. Ikikwaruza, omba nyingine.