Duka la dawa za mifugo Mwanakwerekwe: muuzaji asiyetoa antibiotiki ovyo

Ukenda na haraka zako za kununua antibiotiki ya kuku, duka hili litakuudhi. Kijana anayeuza hakupi kitu mpaka umjibu: kuku wangapi, wana umri gani, wanahara rangi gani, wamechanjwa lini. Mie nafuga kuku wa mayai Fuoni, hapa Unguja, na kwa maswali hayo hayo nalipenda kuliko maduka yote ya dawa za mifugo ninayoyajua mjini. Jina silitaji, mwenyewe hapendi.

Karibuni kuku wangu walianza kupinda shingo na kuhara kijani. Jirani akanishauri nichanganye antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji. Kijana alivyonisikiliza akasema, "Bi mkubwa, hii yaelekea ni mdondo. Mdondo ni virusi, na antibiotiki ni dawa ya bakteria, virusi haiviwezi. Utapoteza pesa, na bakteria waliomo bandani watapata usugu." Akampigia daktari wa mifugo aje ampasue kuku aliyekufa, akanihimiza niwatenge wagonjwa. Siku ile aliniuzia dawa ya kusafishia banda tu. Kwengine ukisema kuku anaumwa unapewa pakiti na chenji yako, basi.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba aliuliza na habari za watu. Nani anafagia banda? Anavaa nini? Ananawa wapi? Nikamwambia ni mtoto wa dada yangu, na kwamba alikuwa na jipu pajani lililokataa dawa ya mwanzo, hospitali wakachukua usaha kuotesha bakteria maabara ndio wakajua dawa gani itamfaa. Kijana hakusema kuwa limetoka kwa kuku, na mie sisemi, kwani hakuna aliyewapima kuku. Lakini alinieleza vizuri: dawa ikitumiwa kila mara, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Anayeshika wanyama huwabeba bakteria hao mikononi, puani na tumboni bila ya kuumwa hata kidogo, akaingia nao nyumbani kwenye watoto na wazee.

Hayo si maneno ya dukani tu. Uholanzi, miaka ya 2000, wafugaji wa nguruwe walikutwa na MRSA puani, bakteria wa jamii ya stafilokoko asiyesikia dawa nyingi, ya aina ile ile waliyonayo nguruwe wao. Hospitali za huko zikaanza kuwapima pua wafugaji hao wanapolazwa. China nako, mwaka 2015 watafiti walitangaza jeni, yaani kipande cha urithi, inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, na waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Kolistini ni katika dawa za mwisho wanazobakiwa nazo madaktari mgonjwa akiwa mahututi. China ikapiga marufuku kuitia kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka mwaka 2017. Dukani hapa haimo kabisa, nimeangalia.

Jengine zuri: akikuuzia antibiotiki kwa karatasi ya daktari, huandika kwa kalamu juu ya pakiti tarehe utakayoruhusiwa kuuza mayai tena. Hilo ningependa kila duka lilazimishwe, maana mayai yenye dawa tunawalisha watoto wa watu.

Mapungufu yapo. Chanjo huisha mapema na hakuna wa kukuarifu imekuja lini. Glavu anazouza ni kubwa, kwa mwanamke zinavuka, na mabuti ya banda hana. Ijumaa hufunga kabla ya sala na mara nyingi harudi. Foleni nayo inakwenda polepole kwa ajili ya maswali, ila hiyo mie naivumilia kwa moyo mweupe.

Nendeni asubuhi, mchukue chupa yenye barafu kwa ajili ya chanjo. Mwenye kuku wanaokufa amchukue mmoja aliyekufa siku ile ile, kwenye mfuko uliofungwa vizuri, amwachie kijana nje ya mlango. Daktari hupita kumchukua.