Kipimo cha TRODAT kule Chennai: nyota 4, ya tano nimeizuia

Jamaa mnaoniuliza hichi kipimo cha ubongo alichofanyiwa ami yangu India kina maana au kinakula pesa tu, kina maana, ila kwa suali moja tu: kutetemeka ni kwa ugonjwa unaopunguza dopamini, ile kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kwenda, au ni dawa tu.

Ami mkono wa kulia unatetemeka na mwendo umekuwa mzito, huku nyumbani kila daktari ana lake, huyu anasema Parkinson, mwengine anasema ni vile vidonge vya kutapika, metoklopramaidi, alivyovimeza muda mrefu (na kweli vinaweza kuleta hali hiyo). MRI ikatoka safi, kumbe ndo kawaida, MRI inaonesha umbo la ubongo, mambo ya dopamini haiyaoni.

Kule wakampiga sindano ya mionzi, teknishiamu 99m iliyobandikwa kwenye TRODAT, ikifika kichwani inaishika ile protini inayozoa dopamini na kuirudisha kwenye seli, halafu mashine inapiga picha mionzi inapotokea. Asokuwa na ugonjwa picha hutoka na alama mbili kama za mkato wa maandishi (koma), kila upande mmoja. Ya ami upande wa kushoto mkato umekatika imebaki nukta, na kushoto ndo kunakoendesha mkono wa kulia, basi vidonge peke yake havihusiki, maana ingekuwa ni vidonge tu picha kwa kawaida ingetoka nzima.

Wahudumu wapole sana wallahi, na levodopa yake, ile dawa ya Parkinson, hawakumsimamisha. Teknishiamu wanaichota asubuhi kwenye jenereta yao wenyewe (si ya umeme, ni chombo kinachoitoa), si kama kipimo kingine cha aina hii cha aidini 123 kinachotaka saiklotroni, mashine kubwa ya kutengenezea vitu vya mionzi.

Sasa nyota niloizuia: hakuna alotwambia kwamba baada ya sindano unakaa kama masaa manne ndo upigwe picha, mzee ana sukari na sisi hatukubeba hata tende! Bebeni chakula. Kwenye mashine kichwa kinafungwa kisitikisike, karibu nusu saa, ami alivumilia. Siku hiyo msimpe mjukuu ampakate, nguvu ya mionzi inapungua nusu kila masaa 6, na anywe maji mengi.

Ila msitegemee kwamba kitawatajia jina la ugonjwa, maana PSP na MSA, magonjwa mengine ya ubongo yanayofanana na Parkinson, nazo zinatoa picha mbovu vilevile, hapo daktari wa mishipa ya fahamu lazima amchunguze mwenyewe. Bei waandikishieni kabla hamjakata tiketi, na ulizeni kama ya daktari imo ndani, yetu haikuwemo.