Chiang Mai kwa Miguu: Mahekalu, Handaki na Bakuli la Khao Soi

Mtu akiniuliza kama alipie gari la watalii ili aone mahekalu ya Chiang Mai, namwambia asilipe. Atembee. Mji wa kale, huko kaskazini mwa Thailand, ni mraba ambao kila upande wake ni kama kilomita moja na nusu, umezungukwa na handaki la maji, na mahekalu ambayo kila mgeni huyaendea yamo humo humo ndani. Kutoka hekalu moja hadi jingine ni mwendo wa robo saa, na ukichoka kuna kivuli na kiti. Niliona makundi yakishushwa na basi dogo langoni, yakipewa muda wa kupiga picha, kisha yakirudishwa garini kwenda mtaa wa pili. Fedha wamelipa, na mahali wamefika, lakini mji umewapita.

Sisi tulitoka Mombasa, tukapanda ndege Nairobi hadi Bangkok. Mume wangu alikuwa na shughuli zake za nguo pale Pratunam, mtaa wa soko la nguo Bangkok, kama wafanyabiashara wengi wa kwetu, na alipomaliza nikamwomba twende kaskazini. Tulichukua treni ya usiku yenye vitanda, kilomita 751 za reli, na nawashauri wenzangu mfanye vivyo hivyo badala ya ndege: unaamka asubuhi milima iko dirishani.

Asubuhi ya kwanza tulimkodi mwongoza watalii, mama wa makamo mzaliwa wa mji huo, atutembeze nusu siku. Fedha aliyochukua ni halali yake. Jambo zuri alilotufanyia ni kuanza mahali ambapo mji wenyewe ulianzia, si pale penye picha nzuri. Wengi huanza katikati. Yeye alitupeleka pembe ya kaskazini-mashariki, Wat Chiang Man, hekalu kongwe kuliko yote ndani ya handaki. Mfalme Mangrai aliuasisi mji huu mwaka 1296, na inasimuliwa kwamba aliwaita marafiki zake wawili, Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai na Mfalme Ngam Mueang wa Phayao, wamsaidie kuchagua mahali. Sanamu za hao watatu zimesimama katikati ya mji hadi leo. Pale Wat Chiang Man kuna jiwe la maandishi la mwaka 1581 linalotaja siku mji ulipoanzishwa, na nyuma ya ukumbi kuna chedi, yaani mnara wa kuhifadhia masalia matakatifu, uliobebwa na tembo 15. Tembo hao wanachomoza nusu mwili kutoka kwenye msingi wa mnara, vichwa na miguu ya mbele tu, na juu yao dhahabu inawaka jua linapopanda. Tulifika mapema. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja akifagia majani.

Ningependa kusema na dada zangu Waislamu hapa, maana najua swali liko mdomoni. Niliingia mahekaluni na buibui na mtandio wangu, na hakuna aliyenikodolea macho. Sheria yao ya mavazi ni kufunika mabega na magoti, kwa hiyo sisi tumekwisha kuitimiza kabla hatujatoka nyumbani. Niliwaona watalii wa Ulaya wakiazima vitambaa mlangoni ili wajifunike. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia ukumbini, basi vaa vya kuchopeka, na ukanyage hatua kwa hatua mchana maana sakafu ya nje huwa moto. Ukiketi, kunja miguu upande ili nyayo zisielekee sanamu ya Buddha. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Unakiweka mbele yake naye anakichukua. Mimi niliyezoea kutopeana mkono na wanaume ajinabi nilijiona mahali ninapopaelewa. Hakuna aliyetutaka tusujudu wala kuwasha udi. Ukikaa kimya ukatazama, umefanya adabu yote inayotakiwa.

Wat Chedi Luang ndiyo sababu ya safari nzima. Ukisimama chini ya mnara wake unaona umevunjika, na huo uvunjifu ndio uliotuweka pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ulikamilishwa katikati ya karne ya 15, wakati wa Mfalme Tilokarat, ukafika urefu wa mita 80 hivi. Kisha tetemeko la ardhi la mwaka 1545 likaangusha sehemu ya juu. Kilichobaki ni rundo la matofali mekundu lenye urefu wa kama mita 60, lenye ngazi pande nne zinazolindwa na majoka ya naga, na mashubaka yenye sanamu za Buddha. Katika shubaka la mashariki ndimo alimowekwa Buddha wa Zumaridi tangu mwaka 1468, ile sanamu ambayo leo iko Bangkok na ndiyo tukufu kuliko zote Thailand. Ilipita Luang Prabang na Vientiane kabla ya kufika huko. Sasa shubakani mna nakala yake ya jiwe, iliyowekwa miaka ya 1990 wakati mji ulipoadhimisha miaka 700.

Katika miaka hiyo hiyo mnara ulikarabatiwa kwa msaada wa UNESCO na serikali ya Japani. Tazama tembo walio ubavuni: karibu wote wametengenezwa upya kwa saruji, ila mmoja asiye na masikio wala mkonga. Huyo ndiye wa asili, wa matofali na lipu. Mwongoza wetu hakuupenda ukarabati ule, akasema tembo wapya wana sura moja. Mimi nafurahi kwamba kilele hawakukijenga upya. Mnara umeachwa na jeraha lake, na mtu anayepita anajua ardhi ilitikisika hapa.

Kando ya lango la hekalu hilo kuna jumba dogo lenye nguzo ya mji, Sao Inthakin, chini ya mti mrefu sana ambao wenyeji wanaamini unailinda nguzo. Mlangoni pana tangazo: wanawake hawaingii. Mume wangu aliingia, sisi wawili tukabaki kivulini. Alipotoka nikamuuliza, “Haya baba Salim, kuna nini humo?” Akasema sanamu ya Buddha imesimama juu ya nguzo, na kuta zimejaa picha za rangi kila upande. Yule mama akasikiliza kwa makini hadi mwisho, na hapo nikatambua kwamba alikuwa akipitisha wageni mbele ya mlango ule bila yeye mwenyewe kuuvuka. Iliniuma. Mnaokwenda na mabinti zenu, waambieni mapema wasije wakazuiwa mlangoni mbele za watu.

Katika uwanja huo huo, chini ya miti, kuna meza ambapo watawa vijana huketi kuzungumza na wageni. Ni bure. Wao wanazoeza Kiingereza chao, wewe unauliza unachotaka. Tulizungumza na kijana aliyetoka kijijini milimani. Aliingia utawa akiwa mtoto ili apate kusoma. Alitaka kujua tunafungaje Ramadhani. Tulipomweleza, akasema wao hawali baada ya saa sita mchana, kila siku ya mwaka. Mume wangu alinyamaza kwa heshima, kisha akamuuliza kuhusu wazazi wake. Tenga saa nzima kwa meza hizo.

Mlango wa pili tu ni Wat Phan Tao, na wengi huupita bila kuingia. Ingia. Ukumbi wake wote ni wa mbao za msaji, nguzo nene zilizotiwa weusi na miaka, na zamani ulikuwa jumba la mtawala kabla ya kugeuzwa hekalu katika karne ya 19. Juu ya mlango kuna tausi aliyechongwa amesimama juu ya mbwa, alama ya mwaka wa kuzaliwa wa mtawala huyo. Mtu aliyekulia pwani na milango ya kuchongwa atasimama hapo asitake kuondoka.

Wat Phra Singh, mwisho wa barabara ya Ratchadamnoen upande wa magharibi, lilianzishwa mwaka 1345, nalo lina dhahabu nyingi na watu wengi. Nitakuwa mkweli: ukumbi mkubwa haukunigusa. Pita nyuma, utafute ukumbi mdogo wa Lai Kham. Kuta zake zina picha za karne ya 19, na pamoja na hadithi zao za kale mchoraji amewachora watu wa kawaida wa wakati wake, wanawake wakisuka nywele, vijana wenye chale mapajani, wavuta sigara. Ukuta wa nyuma ya sanamu una michoro ya dhahabu juu ya rangi nyekundu. Mbele ya uwanja kuna maktaba ya maandiko, nyumba ndogo ya mbao iliyoinuliwa juu ya msingi mrefu ili unyevu na panya visifikie maandiko hayo, yaliyoandikwa juu ya majani ya mti wa jamii ya mtende. Viingilio vya mahekalu haya ni vidogo, na vingine ni bure kabisa.

Sasa kasoro. Njia za waenda kwa miguu ni mbovu: zimevunjika, zimejaa pikipiki na nguzo za umeme, na mwenye kiti cha magurudumu au mtoto wa kusukuma atapata taabu. Kuvuka barabara za kando ya handaki kunahitaji moyo, kwa sababu magari ya barabara ya ndani yanazunguka upande mmoja na ya barabara ya nje upande mwingine. Angalia kote kote. Kuanzia saa tano jua linachoma, kwa hiyo tembea alfajiri, pumzika adhuhuri, toka tena alasiri. Na msiende kati ya Februari na Aprili. Ndio msimu wa kuchoma mashamba na misitu, moshi unakaa bondeni, milima inatoweka, na mwenye pumu ataumia. Novemba hadi Januari ndiyo miezi yake.

Ukiweza, panga Jumapili iwe ndani. Alasiri Ratchadamnoen hufungwa kwa magari ikawa soko hadi usiku, na viwanja vya mahekalu vinageuka sehemu za kula. Saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa, na mtaa mzima unasimama wima, muuzaji na mnunuzi, hata chenji ikiwa bado mkononi. Simama nao.

Chakula kilinitia wasiwasi kabla ya safari, maana nguruwe huko ni kila kona. Toka Lango la Tha Phae, lango la mashariki la mji wa kale, elekea mashariki hadi mtaa wa Ban Haw karibu na soko la usiku. Kuna msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, Uchina, waliokuja na misafara ya biashara, na pembezoni mwake wanauza khao soi halali: tambi katika mchuzi mzito wa tui la nazi na bizari, nyama ya ng'ombe au kuku, juu yake tambi za kukaanga, pembeni ndimu, vitunguu na mboga iliyochachushwa. Mpwani ataijua ladha ile kwa kijiko cha kwanza. Ijumaa asubuhi hapo hapo huwa na soko la watu wa milimani. Fika mapema, kwa sababu ikikaribia adhuhuri wanafungasha, na wewe utakuwa umebakiwa na hatua chache tu kwenda kuswali.