Chati mbili za seli za uzazi: ya kiume inafaa, ya kike inapotosha

Chati hizi mbili za ukutani, zinazoonyesha jinsi mbegu za kiume na mayai ya mwanamke yanavyoundwa, nilizinunua kwa shilingi 24,000 kwa ajili ya darasa langu la baiolojia. Karatasi ni nzito, imefunikwa kwa plastiki, na maandishi yanasomeka hata kutoka dawati la nyuma.

Chati ya kiume imechorwa na mtu anayelijua somo. Inaonyesha mirija myembamba iliyojikunja ndani ya korodani, kisha seli moja yenye kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba taarifa za urithi) ikigawanyika mara mbili kwa meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu hadi nusu, hadi kupata seli 4 zenye kromosomu 23 kila moja, ambazo hatimaye huota mkia. Imeeleza pia kwamba kazi hiyo huanza wakati wa kubalehe, huchukua takribani siku 70, na huhitaji joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Wavulana, ambao swali la korodani kukaa nje ya mwili huwa wanaliona aibu kuliuliza, walijisomea jibu ukutani.

Chati ya kike, kwa masikitiko, ni nakala ya ile ya kwanza iliyobadilishwa rangi. Seli moja inazaa mayai 4 yaliyolingana, jambo lisilotokea katika ovari, yaani kiungo kinachotoa mayai, kwa kuwa mgawanyiko wa huko hauna usawa: yai moja hubaki na karibu sitoplazimu yote (ute unaoijaza seli), na vijiseli vinavyobaki hunyauka. Kosa la wakati ni baya zaidi, kwani chati inadai kuwa mayai huanza kuundwa msichana anapobalehe, ilhali seli hizo huanza meiosisi yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katika hatua ya kwanza kwa miaka mingi. Mtoto wa kike huzaliwa na takribani milioni 1 hadi 2. Akibalehe hubaki laki chache, na yanayopevuka maishani mwake ni kama 400 tu. Mgawanyiko wa pili haukamiliki mpaka mbegu ya kiume iingie.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama mayai yanatengenezwa upya, mbona mama akikaribia miaka hamsini yanakwisha?" Swali hilo lilitosha kuiangusha chati nzima, na sasa nimeibandika karatasi niliyoichora mwenyewe.

Ningeshauri mnunue ya kiume peke yake, iwapo muuzaji atakubali kuzitenganisha, wangu alikataa.